Mizani Sahihi, Kikomo cha Zamani: Namna Vituo vya Afya ya Akili Vinavyopaswa Kuzifuata Sheria Zinazobadilika

Katika barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma, kabla msafiri hajaufikia mji, ipo mizani ya kupimia malori mahali paitwapo Mpemba. Mizani hutoa tarakimu. Lakini tarakimu peke yake haiamui kama lori limezidisha uzito. Hapana budi ilinganishwe na kikomo kilichowekwa na sheria. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kuitumia Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Tuchukulie kwamba karani wa mizani fulani anaendelea kusoma vikomo na adhabu katika karatasi ya zamani iliyobandikwa ukutani. Mizani yake ni sahihi kabisa, lakini uamuzi wake waweza kuwa na kosa, na dereva ataadhibiwa au kuachiliwa isivyostahili.

Jambo kama hilo huweza kutokea katika vituo vinavyowahudumia wagonjwa wa akili na watu wenye uraibu wa pombe au dawa za kulevya. Huko kinachopimwa si shehena, bali ni haja ya kumtibu mtu, pengine bila ya ridhaa yake. Mganga aweza kuwa hodari na muuguzi aweza kuwa na huruma, lakini ikiwa karatasi ya taratibu wanayoifuata imepitwa na sheria, mgonjwa aweza kunyimwa haki yake bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya. Makala haya yanaeleza sheria hizo zinatoka wapi, kwa nini hubadilika, na kituo kifanye nini ili karatasi zake zisichakae.

Mji wa mpakani

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake yako Vwawa, nao una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Tunduma ndio mji wake mkubwa wa biashara. Hapo barabara kuu ya kwenda Zambia huvuka mpaka, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita kuelekea Kapiri Mposhi. Ng'ambo ya pili ni mji wa Nakonde. Tangu mwaka 2019 forodha za nchi hizi mbili zimekuwa zikifanya kazi kwa pamoja katika kituo kimoja. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, na familia nyingi zina ndugu Tanzania na Zambia pia.

Mji wa namna hii una mambo yake. Madereva na utingo husubiri foleni siku kadhaa mbali na familia zao. Pombe hupatikana kwa urahisi, na njia kuu za biashara halali aghalabu hutumiwa pia na wasafirishaji wa dawa za kulevya. Zaidi ya hayo, mtu aweza kuugua akiwa safarini, mahali ambapo hakuna amjuaye wala ajuaye lugha yake. Kwa hiyo kituo cha afya cha mpakani hupokea watu ambao historia yao ya ugonjwa haijulikani, na mara nyingine hata uraia wao haujulikani.

Zamani, huduma ya ugonjwa wa akili ilikuwa mbali na mwananchi wa kawaida. Wamisionari wa Kijerumani waliwatunza wagonjwa huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Kisha Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ikaanza mwaka 1927. Kuanzia miaka ya 1980, kwa majaribio yaliyofanywa katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, Serikali ilianza kuiingiza huduma hiyo katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Hatua hiyo ilimsogeza mganga karibu na mgonjwa. Lakini ilileta pia wajibu mpya: taratibu za kumpokea mtu asiyetaka kupokelewa, ambazo zamani zilijulikana na hospitali chache kubwa, sasa yapasa zijulikane hata katika kituo kidogo kilicho kando ya barabara.

Ngazi ya kanuni

Ili kulielewa tatizo letu, yafaa kwanza tutofautishe mambo manne ambayo watu wengi huyachanganya.

Sheria hutungwa na Bunge. Huweka mambo makuu: nani ana mamlaka, nini kinakatazwa, na mwananchi ana haki gani.

Kanuni hutungwa na Waziri kwa uwezo aliopewa na sheria. Hueleza mambo madogomadogo: fomu, ada, muda, sifa za jengo na za watumishi. Kanuni hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba yake ya Tangazo la Serikali.

Mwongozo hutolewa na Wizara au mamlaka inayohusika. Huonyesha namna bora ya kutekeleza sheria na kanuni, nao hufuata pia maendeleo ya sayansi ya tiba.

Utaratibu wa kituo huandikwa na kituo chenyewe. Humwambia muuguzi wa zamu afanye nini leo usiku, kwa hatua, mmoja baada ya mwingine.

Ngazi hii huenda kutoka juu hadi chini. Kipande cha juu kikisogea, vya chini yake havina budi kusogea pia. Kwa bahati mbaya havisogei vyenyewe. Sheria mpya ikishapita Dodoma, hakuna mkono usioonekana unaokwenda Tunduma kuifuta karatasi ya zamani ukutani. Mkaguzi aweza kuja kuhuisha usajili au kuangalia leseni, lakini kati ya ukaguzi mmoja na mwingine mamia ya wagonjwa huwa wamekwisha kupita.

Yapo mataifa ambayo ngazi hii ina vipande vingi zaidi. Nchini Marekani, kwa mfano, kituo cha kutibu uraibu kwa methadoni hufuata sheria za Serikali ya Shirikisho, na juu ya hizo leseni ya jimbo kilipo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, Serikali ya Shirikisho ililegeza masharti ya dozi za kupeleka nyumbani, na mwaka 2024 ikayafanya mabadiliko hayo kuwa ya kudumu. Majimbo hayakwenda yote kwa mwendo mmoja, na kila kituo kikalazimika kulinganisha maandishi mawili kabla ya kubadili lake.

Miaka arobaini na minane ya mabadiliko

Msomaji aweza kudhani kwamba sheria ni kitu kikavu kisichosogea. Hebu tuangalie mambo machache yaliyotokea nchini Tanzania.

Mwaka 1977 ilipitishwa Sheria ya kudhibiti hospitali binafsi, iliyozuia tiba ya binafsi ya kutafuta faida. Mwaka 1991 ilirekebishwa, na watu binafsi wenye sifa wakaruhusiwa tena kufungua hospitali kwa idhini.

Mwaka 1995 ilitungwa sheria ya kuzuia biashara haramu ya dawa za kulevya. Mwaka 2015 ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyounda Mamlaka yenye uwezo wa kupekua, kukamata na kuchunguza, uwezo ambao Tume iliyotangulia haikuwa nao.

Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyomtaka mganga wa tiba asili asajiliwe. Jambo hili lina maana kubwa kwetu, kwa sababu familia nyingi humpeleka mgonjwa wa akili kwa mganga wa jadi kabla ya kumfikisha hospitalini.

Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Afya ya Akili, Namba 21, ikachukua nafasi ya Sheria ya Magonjwa ya Akili, Sura ya 98, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Sheria hiyo inashughulikia matunzo na ulinzi wa watu wenye matatizo ya akili, nayo hutenganisha mgonjwa anayepokelewa kwa hiari yake na yule anayepokelewa bila ya hiari. Mwaka uliofuata, 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu.

Mwaka 2016 ilitungwa sheria mpya iliyowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, ikigusa usajili na leseni za watumishi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Na mwaka 2025 lilianza kutumika toleo jipya la sheria zote za nchi zilizofanyiwa urekebu.

Ng'ambo ya mpaka nako hakukulala. Zambia iliendelea kutumia sheria ya mwaka 1949 iliyowapanga wagonjwa kwa majina ya kudhalilisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kifungu chenye majina hayo kilikwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 ikatungwa Sheria mpya ya Afya ya Akili. Uganda nayo ilitunga sheria yake mpya mwaka 2018, na Kenya ikafanya marekebisho makubwa mwaka 2022.

Mabadiliko haya si ya namna moja. Mengine hugeuza kitendo chenyewe: jambo lililoruhusiwa jana leo limekatazwa. Mengine huongeza mtu mpya wa kujulishwa au fomu mpya ya kujaza. Mengine hugusa marejeo tu. Urekebu wa sheria, kwa mfano, haukukusudiwa kubadili maana ya sheria, lakini waweza kubadili namba ya kifungu. Utaratibu unaotaja namba ya zamani utamwelekeza msomaji mahali pasipohusika. Kituo chenye busara hutambua kwanza ni badiliko la namna gani, kisha ndipo hushika kalamu.

Saa nane za usiku

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Saa nane za usiku watu wanne wanamleta kituoni kijana ambaye ni utingo wa lori. Amefungwa kamba mikononi. Anapiga kelele, anadai kwamba wadudu wanamtambaa mwilini, na hajui yuko wapi. Waliomleta wanasema, "Huyu ni kichaa, mfungieni." Muuguzi yuko peke yake na mlinzi. Anafungua jarada la taratibu.

Ukurasa wa kwanza yapasa umwongoze kitabibu. Si kila anayeweweseka ana ugonjwa wa akili. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kushuka kwa sukari katika damu, au jeraha la kichwa huweza kuleta dalili hizohizo. Kadhalika mtu aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku, akiacha ghafula, aweza baada ya siku mbili hadi nne kutetemeka, kutoka jasho, kuona visivyokuwapo na hata kupatwa na degedege. Hali hiyo huua isipotibiwa. Kwa hiyo kupima joto, kupima malaria na kupima sukari si mambo ya kungoja asubuhi. Kumfungia mtu huyu chumbani kwa kudhani ni kichaa kwaweza kuwa ndiko kumwua.

Ukurasa wa pili yapasa umwongoze kisheria. Je, mgonjwa ameombwa ridhaa kwa lugha anayoielewa? Kama hawezi kuitoa, ni nani mwenye mamlaka ya kuomba apokelewe: ndugu, ofisa wa polisi, au ofisa ustawi wa jamii? Fomu gani hujazwa? Ni nani ajulishwe, na katika muda gani? Uamuzi wa kumzuia utapitiwa upya na nani? Ikiwa kituo hakina uwezo wa kumtunza, atapelekwa wapi, na kwa usafiri gani?

Ukurasa wa tatu unahusu ile kamba. Itafunguliwa lini, na nani atakuwa karibu? Ikiwa hapana budi mgonjwa azuiliwe kwa muda, ni nani anayeruhusu, kwa njia gani, na nani anamwangalia ili damu isikwame wala asikose maji?

Ukurasa wa nne unahusu maandishi. Jina lake litaandikwa wapi, na nani atakayelisoma? Hapa sheria ya 2022 inaingia moja kwa moja, kwa kuwa habari za afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti. Rejista iliyozoeleka kuachwa wazi juu ya meza ya mapokezi, ambapo kila mpita njia aweza kuona ni nani aliyetibiwa uraibu, sasa si uzembe wa kawaida tu. Tena, ikiwa kijana huyu ni Mzambia, na asubuhi kituo kinataka kumwandikia mwenzake wa Nakonde barua yenye historia ya ugonjwa, barua hiyo ni taarifa binafsi inayovuka mpaka wa nchi, jambo ambalo sheria hiyo imeliwekea masharti. Utaratibu ulioandikwa mwaka 2015 hauwezi kuwa na neno lolote juu yake.

Iwapo mgonjwa huyu baadaye atahitaji tiba ya uraibu wa heroini, utahitajika ukurasa wa tano. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu kuliko heroini, na ndiyo maana dozi moja kwa siku hutosha kuzuia maumivu ya kuacha. Lakini yenyewe ni dawa inayodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma ikafika Mbeya. Kituo kisicho na idhini hakiwezi kuigawa, bali chapaswa kujua namna ya kumpeleka mgonjwa panapostahili. Nyumba za upataji nafuu, wanakoishi watu walioacha dawa za kulevya, nazo zina mwongozo wake na msimamizi wake. Si hospitali, na hazipaswi kufanya kazi za hospitali.

Hesabu fupi ya hatari

Wanafunzi wa hisabati waweza kuona kwa nini uchakavu mdogo wa karatasi huleta hatari kubwa. Tuseme kituo kinajivunia kwamba taratibu 9 kati ya kila 10 zinakwenda na wakati. Hilo laonekana jema. Lakini mgonjwa hatumii utaratibu mmoja tu. Tuseme anapita katika hatua 6: mapokezi, ridhaa, kuzuiliwa, dawa, kumbukumbu na rufaa. Ikiwa kila hatua ina nafasi ya 0.9 ya kuwa sahihi, na hatua hizo hazitegemeani, basi nafasi ya kupita zote bila kukutana na karatasi iliyochakaa ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani karibu 0.53. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya wagonjwa watakutana na utaratibu wa zamani mahali fulani. Ikiwa taratibu 99 kati ya 100 ni sahihi, nafasi hupanda hadi karibu 0.94.

Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha kwamba kuridhika na "karibu zote" hakufai. Zinaonyesha pia kwamba njia moja ya kupunguza hatari ni kupunguza idadi ya hatua na ya karatasi zisizo za lazima.

Jedwali la ulinganifu

Kituo kifanye nini basi? Chombo muhimu kuliko vyote ni rahisi: daftari moja lililopigwa mistari. Tuliite jedwali la ulinganifu. Lina safu sita: jina la utaratibu wa kituo, wajibu unaotekelezwa, sheria, kanuni au mwongozo unaouweka, pamoja na toleo lake, mwenye dhamana, kwa cheo chake, tarehe ya mwisho ya kupitiwa, na ushahidi kwamba unatekelezwa.

Faida yake huonekana sheria inapobadilika. Tuseme kituo kina taratibu 40, na kila mmoja unategemea maandiko matatu ya juu yake. Hayo ni mafungamano 120. Bila ya jedwali, badiliko la sheria moja humlazimu mtu asome kurasa zote, naye akichoka ataacha. Akiwa na jedwali, anapitisha kidole katika safu ya tatu na kuona mara moja kwamba ni taratibu 7, tuseme, zinazoguswa.

Baada ya jedwali kuna hatua tano.

Kwanza, kusikiliza. Mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia Gazeti la Serikali, ambalo hutoka kila wiki, pamoja na nyaraka za Wizara ya Afya na za mabaraza ya kitaaluma. Kusubiri habari kutoka kwa mkaguzi ni kuchelewa.

Pili, kupima uzito wa badiliko. Je, linagusa kitendo, fomu, au rejeo? Linaanza kutumika lini? Tarehe ya Bunge kupitisha sheria si lazima iwe tarehe ya sheria kuanza kutumika, na kanuni zake huweza kuja baadaye. Mahali penye mashaka, swali lipelekwe kwa maandishi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, na jibu lihifadhiwe.

Tatu, kuandika upya pamoja na watendaji. Muuguzi wa zamu ya usiku ajua mambo ambayo mwandishi wa ofisini hayajui. Utaratibu unaodai saini za maofisa watatu saa nane za usiku, ilhali yuko mtumishi mmoja, umeandikwa kwa ajili ya mkaguzi, si kwa ajili ya mgonjwa.

Nne, kuondoa ya zamani. Kila utaratibu uwe na namba ya toleo na tarehe. Toleo jipya likitoka, nakala zote za zamani zikusanywe kutoka kutani, mezani na katika simu za watumishi. Nakala moja tu ihifadhiwe katika kumbukumbu, ikiwa na alama kwamba haitumiki. Kumbukumbu hiyo ni muhimu, kwa kuwa kukitokea shauri juu ya jambo la miaka mitatu iliyopita, swali litakuwa: siku ile taratibu zilisemaje?

Tano, kujaribu. Kusaini kwamba "nimesoma" si ushahidi kwamba mtu ameelewa. Mkuu wa kituo awape watumishi mfano kama ule wa saa nane za usiku, aone kama wanaupata ukurasa unaohusika na kama wanaufuata.

Lugha nayo ni sehemu ya kazi hii. Sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na badiliko la mwaka 2021 lilifungua njia ya kuziweka kwa Kiswahili. Kituo kisingoje. Taratibu za ndani ziandikwe kwa Kiswahili chepesi tangu sasa, na maelezo ya haki za mgonjwa yasomwe kwa sauti, maana si kila ajaye anajua kusoma. Mahali kama Tunduma, mtumishi ajuaye Kinyamwanga au Kibemba ni msaada ambao hakuna fomu inayoweza kuziba nafasi yake.

Mpaka wa karatasi

Ni lazima tuseme pia kile ambacho jedwali hili haliwezi. Kituo chaweza kuwa na mafaili safi, yenye tarehe na mihuri, na bado mgonjwa akafungwa kamba usiku kucha. Kituo kingine chaweza kuwa na karatasi chache zilizokunjamana, lakini watumishi wake wakamheshimu kila aingiaye. Kuitii leseni si sawa na kutibu vizuri.

Hata hivyo, hoja hiyo isitumiwe kudharau maandishi. Mgonjwa wa moyo aweza kulalamika akitendewa vibaya, na watu watamwamini. Mgonjwa wa akili akilalamika, watu husema ni ugonjwa wake unaosema. Mwenye uraibu akilalamika, huambiwa kwamba amejitakia. Kwa watu hawa, ukurasa ulioandikwa vizuri, wenye tarehe, wenye jina la cheo cha anayewajibika, ni shahidi ambaye hawezi kuambiwa kwamba amerukwa na akili. Ndiyo sababu ukurasa huo unastahili kutunzwa kwa uangalifu uleule unaotumika kutunza kipimo cha sukari au friji ya chanjo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya sheria, kanuni, mwongozo na utaratibu wa kituo. Toa mfano wa kila kimoja kutoka katika shule yako.

2. Ikiwa kila hatua ina nafasi ya 0.95 ya kuwa sahihi, mgonjwa apitaye hatua 8 ana nafasi gani ya kutokutana na utaratibu uliochakaa? Hatua zikipunguzwa hadi 5, nafasi hiyo inakuwa ngapi?

3. Mtu anayeweweseka ameletwa kituoni akiwa amefungwa. Taja magonjwa matatu ya mwili yanayoweza kuleta hali hiyo, na kipimo ambacho kingesaidia kutambua kila moja.

4. Tengeneza jedwali la ulinganifu lenye safu sita kwa ajili ya taratibu tatu za maabara ya shule yako. Ni utaratibu upi ambao haujapitiwa kwa muda mrefu kuliko yote, na ni nani mwenye dhamana nao?